Mkono wa Mpiga Ngoma

Kaka yangu Gaudencio hakuwahi kuyaona maonyesho ya Krismasi ya Duka la Sandoval kutoka mbele, kule barabarani wanakosimama watu. Aliyaona kutoka nyuma tu, miaka yote, akiwa amelala kifudifudi juu ya mbao chini ya wanasesere, mikono imejaa kamba, miguu iko kwenye pedali. Nusu ya Manila inakuja na watoto mabegani kutazama malaika wakishuka na kondoo wakitikisa vichwa, na yeye anatazama nyayo za Mtakatifu Yosefu. Nikimwambia, Dencio, siku moja mwachie mwenzio kamba utoke utazame, ananijibu kuwa mpishi hasikii njaa.

Mimi ndiye niliyewashonea wanasesere hao nguo. Pacita fundi cherehani, mtaa mzima wa Sampaloc unanijua, na unajua pia kwamba sikuolewa na sijutii. Kwa hiyo nikisema habari za kaka yangu sisemi za kusikia. Wapo waliomwita mvuta kamba tu. Mpiga ngoma yule aliyesimama upande wa kushoto wa hori la Mtoto Yesu, mwenye shavu lililofura kidogo kama ana jino bovu, Dencio alimchonga kwa mkono wake, kwa patasi za baba yetu aliyekuwa mchonga sanamu za watakatifu kule Paete. Hao waliomwita mvuta kamba hawajachonga hata mwiko.

Miezi mingine ya mwaka Dencio alikuwa seremala wa kawaida wa duka. Anatengeneza rafu, anagongea miguu ya viti. Lakini Septemba ikiingia, redio zikianza kupiga nyimbo za Krismasi na sisi wote tukianza kulalamika kwamba ni mapema mno huku tunaziimba, kaka yangu anabadilika. Anakula amesimama. Usingizini anavuta shuka kana kwamba ni kamba.

Mkewe alikuwa Salud, muuza mikate ya mchele ya kuoka kwa makaa juu na chini, pale mlangoni pa kanisa wakati wa misa za alfajiri. Sikumpenda mwanzoni, na nani asiyejua mambo ya mawifi. Nilimwona ana deko. Alikuwa na kitaulo kidogo ambacho kila asubuhi alimwekea mumewe mgongoni, ndani ya shati, ncha ikichungulia kwenye ukosi, kama tunavyowafanyia watoto wa chekechea. Maana jasho likikukaukia mgongoni, kwetu, huo ni ugonjwa wa mapafu unaoingia. Wenzake kazini walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akageuka tu kuwaonyesha taulo lenyewe, kwamba oneni, wangu ananipenda, wenu je?

Walizaa watoto wawili. Ambo alitangulia, na baada ya muda mrefu akaja Luningning, tuliyemwita Ningning.

Desturi yao ilianzia kwa Ambo. Alipokuwa na miaka mitatu Salud alimpeleka kwenye maonyesho, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, akalia kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Watoto wote wamebebwa na baba zao, yeye wake yumo ndani. Dencio aliposikia, hakulala. Kesho yake akamwambia mwanawe kuwa mpiga ngoma ndiye baba yake. Akiinua mkono juu mara mbili bila kupiga, ujue hapo nakusalimia wewe, na sisalimii mwingine yeyote.

Basi ikawa ndiyo siku yetu kubwa, kuliko hata Krismasi yenyewe. Vile vipande vyekundu vilivyobaki kwenye majoho ya Wafalme Watatu nilivishona vikawa gauni la Ningning na shati la Ambo, kila mwaka kitambaa kile kile. Salud anafunga mikate ya mchele kwenye majani ya mgomba. Tunapanda jipni, gari la abiria, hadi kanisani, kisha tunatembea, kwa sababu Ningning lazima ahesabu nyota za karatasi madirishani na lazima akosee. Tunasimama penye nguzo ya taa mkabala na hori, hatusimami kwingine, na akiwepo mtu pale Salud anamsogelea na kikapu chake hadi mtu anaondoka mwenyewe. Kisha wimbo, kisha malaika, kisha mpiga ngoma. Mkono juu, mkono juu tena. Watoto wanapiga kelele mpaka watu wanageuka.

Kuna jambo dogo nililisahau kulisema. Kila mwaka nilipowafungua wanasesere kutoka ghalani nilikuta kitambaa cha ile ngoma kimetobolewa, katundu kadogo, mbele kabisa. Namfokea Dencio. Ananiambia panya. Nakiziba vizuri, na mwaka unaofuata panya amerudi pale pale. Nilimwambia panya wako huyo amesomea.

Oktoba ya mwaka mmoja mvua za tufani zilikuwa hazikatiki. Ningning akashikwa na surua, na Salud akampeleka Malolos kwa mama yake, akamwacha huko kwenye nyumba kubwa yenye hewa, ili Ambo asiambukizwe. Juma lile lile Dencio alitoa masanduku ya wanasesere ghalani mwenyewe, anatoka jasho, ananyeshewa, anatoka jasho tena. Alirudi nyumbani anatetemeka. Hakumaliza wiki mbili.

Daktari alisema ni mapafu, vijidudu vimeshuka. Salud alisema ni taulo. Siku ile taulo lilikuwa bado mbichi kwenye kamba kwa sababu ya mvua, akamwacha mumewe aende bila taulo. Nilimwambia, wifi, mtu hafi kwa kitaulo. Ajabu ni kwamba nilikuwa naamini nililosema, na papo hapo nilikuwa naamini kwamba kwa kweli angemwekea hata kitambaa cha sahani. Naona aliusoma uso wangu. Baada ya hapo akawa halii tena mbele yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kabla jeneza halijatoka nyumbani, kwetu watoto wa marehemu huvushwa juu yake. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule, mtoto anapokezanwa hewani. Ni ili marehemu aende kwa amani, asirudi kuwaita wala kuwatia homa. Ambo alivushwa, mkubwa vile, miguu ikiburura maua. Ningning hakuvushwa. Alikuwa Malolos, homa haijashuka, na mama yake alisema hamsafirishi mtoto mgonjwa kwenye mvua kuja kuona baba yake amelala kwenye sanduku. Wanawake wa mtaani walinong'ona. Mimi nilisema kwa sauti. Salud akaniambia nishone kinywa changu kwanza.

Ningning alirudi Novemba, amekonda, masikio makubwa. Alipoingia tu aliuliza papa, baba yake, yuko wapi. Salud alikuwa jikoni anakoroga uji. Akajibu bila kugeuka kwamba yuko kazini, msimu umeanza.

Nadhani lilimponyoka. Lakini lilikaa vizuri mno. Misimu yote Dencio aliondoka mtoto hajaamka na kurudi mtoto amelala, wiki nzima zikapita hawajaonana. Ningning akasema haya, akaenda kucheza. Na uongo ule ukaingia nyumbani ukavua viatu.

Ukahitaji kulishwa, kama uongo wote. Kila asubuhi Salud aliyahamisha malapa ya mumewe. Leo yako mlangoni, kesho moja liko chini ya meza na jingine limepinduka. Aliacha sahani yenye punje mbili za wali na mfupa wa samaki. Ningning akiamka anakagua, anaridhika, anasema papa alirudi akala tilapia. Ambo anainamia kikombe chake. Mtoto wa miaka minane, amevushwa juu ya jeneza la baba yake, na sasa anaagizwa kunyamaza. Akawa hasemi kitu mezani, hata chumvi haombi.

Nilivumilia hadi Desemba, kisha nikamfuata Salud kwenye mkaa wake pale kanisani, nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Maonyesho yanakwisha sikukuu ya Wafalme Watatu. Baada ya siku hiyo baba atakuwa kwenye kazi gani? Alikuwa anageuza mkate. Hakuinua uso.

"Niachie Krismasi moja, wifi," alisema. "Moja tu akiwa na baba. Wewe umenishonea hata sanda ya mume wangu, sikukukataza. Na mimi usinikataze hili."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilinunua mkate nikaondoka.

Jumapili yenyewe ikafika. Kitambaa chekundu kilikuwepo, kwa sababu wanasesere walivishwa kama kawaida, nami nilikuwa nimeshona na kuziba kila kitu mwenyewe, huku nimefunga mlango ili nilie bila kuulizwa. Salud alinivuta uani. Alitaka niende mlango wa nyuma wa duka, kwa Temyong, kijana aliyekuwa msaidizi wa Dencio na sasa ndiye mshika kamba. Nimwambie ainue mkono wa mpiga ngoma mara mbili.

Nilikataa. Nilimwambia uongo wa malapa ni wako, lakini huu unataka kuutia mikononi mwa mtu mwingine, na kwenye kazi ya marehemu, mbele ya watu. Mkono ule ni wa kaka yangu. Akitaka uinuliwe ainuke mwenyewe kaburini ainue. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa anapumua.

Hapo Ningning akatoka na gauni lake. Akazunguka ili lipepee. Akaniuliza, shangazi, kutoka kule juu papa ataiona lesi ya huku nyuma, au nigeuke?

Nikaenda kwa Temyong.

Nilimkuta anakula wali kwenye karatasi. Nilipomweleza aliuweka chini, akasema dada Pacita, mimi nilijua mtakuja, nikawa naomba msije. Hakujua hasa Dencio alikuwa akiinua wakati gani, kwa sababu yeye siku zote alikuwa upande wa malaika. Tukakubaliana kwenye kiitikio, wimbo unapopanda. Alijifuta macho kwa mkono wa shati na kuuliza kama mtoto amekua. Nilimwambia amekonda.

Nilirudi nikawakuta penye nguzo yetu. Salud hakulazimika hata kumsogezea mtu kikapu. Watu wa pale walimjua, walimwona na nguo nyeusi, wakampisha wenyewe. Alimnyanyua Ningning begani. Ambo alisimama kando, mikono mfukoni. Taa zikazimwa kisha zikawaka za rangi, wimbo ukaanza, malaika wakashuka, mmoja bawa limechelewa, na moyoni nikasema Dencio asingeruhusu bawa hilo. Kiitikio kikafika. Mpiga ngoma akainua mkono. Akaushusha, akauinua tena.

Nilisikia kilio kinanipanda kwa jinsi ulivyofanana na wa Dencio. Salud alimtikisa mtoto kidogo, akamwambia umeona, papa huyo, amekusalimia. Sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa, sauti ya muuza mikate.

Ningning hakupiga kelele.

"Lakini mimi bado sijapunga," alisema.

Salud akamwambia si kitu, papa amewahi leo.

"Papa hawahi. Hunisubiri." Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mimi napunga kwanza. Halafu yeye."

Nikamtazama Ambo. Ambo alikuwa anatazama viatu vyake, na ndipo aliposema kitu kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Alisema ni kweli. Papa alikuwa na tundu kwenye ngoma, akichungulia humo na kuwaona. Aliwaambia wasimwambie mtu, hasa shangazi, kwa sababu shangazi anapenda kuziba.

Jamani. Miaka yote hiyo sisi watu wazima tulisimama pale tukidhani tunatazama salamu, kumbe lilikuwa jibu. Na tundu lenyewe nilikuwa nimeliziba Novemba ile kwa mkono wangu, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Temyong hakuwa anaona kitu humo ndani. Panya hakuwepo tena.

Ningning akanyoosha mkono wake juu na kupunga. Alipunga vizuri, taratibu, ili aonekane. Mpiga ngoma akaendelea kupiga. Akapiga hadi mwisho wa wimbo, malaika wakapanda, kondoo wakatikisa vichwa vyao, taa zikazimwa, watu wakapiga makofi na kuanza kuondoka. Mtoto alikuwa bado anapunga. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliposhusha mkono alimuuliza mama yake, "Humo ndani yumo nani?"

Salud alimteremsha begani. Alipiga magoti pale pale kwenye lami, maganda ya njugu na kila kitu, akamshika mashavu. Nilidhani atasema uongo mwingine, na kusema kweli wakati ule ningemsaidia kuutunga.

"Yumo Temyong, mwanangu. Papa amekufa. Alikufa ulipokuwa kwa bibi."

Ningning alifikiri. Unaweza kumwona mtoto akifikiri, paji linakunjana.

"Na malapa nani alikuwa anayavaa?"

"Mimi."

"Na tilapia?"

"Mimi, mwanangu. Mimi."

Hakulia hapo. Alitaka kutembea mwenyewe, asibebwe. Tulipofika kanisani akaomba mkate wa mchele, akaung'ata, na akiwa nao mdomoni ndipo kilio kikaja, mkate ukamdondoka kwenye gauni jekundu, na hakuna aliyejali. Ambo alikaa chini pembeni yake akalia naye, kwa sauti, kilio cha Oktoba kile, alichokuwa amekibana miezi miwili. Salud aliwakumbatia wote wawili. Akanitazama juu ya vichwa vyao, nikadhani ananisubiri niseme nilikuambia. Nikaketi nao chini. Nilimwambia wifi, taulo halikumwua. Safari hiyo sikuwa na mawazo mengine usoni, na akalia mbele yangu.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, watoto wa mtaa wakiwa wanakimbilia kwa wazazi wao wa ubatizo kuomba zawadi, sisi tulienda makaburini. Salud ndiye aliyesema njiani, bila mimi kumgusia: wifi, tumvushe.

Jeneza halikuwepo tena la kuvushia, lakini kaburi lilikuwepo, na simenti yake bado nyeupe. Salud alisimama upande huu na mimi upande ule. Ambo akaja upande wangu, akasema na yeye ni mwanaume wa nyumba, anapokea. Ningning akauliza kwa nini anarushwa. Nilimwambia si kurushwa, ni kuvushwa, kila mtoto wa marehemu huvushwa, ili papa apumzike na asihangaike kurudi.

"Hata nikimwita?"

Salud alimnyanyua kwa makwapa, akamnyoosha juu ya jina la baba yake, viatu vikining'inia, nasi tukampokea upande wa pili. Alikuwa mwepesi. Nilimweka chini nikamnyoosha gauni, lesi ya nyuma ilikuwa imejikunja.

Akageuka kulitazama kaburi. Akainua mkono akapunga, taratibu, kama alivyopunga barabarani. Kisha akaushusha, akasimama kusubiri, na kati yetu sisi watatu hakuna aliyethubutu kumwambia twende.